Matendo ya Mitume kwa simu: shajara ya kundi letu la Mombasa

Januari, ndio twaanza

Haya wapendwa. Naandika hii shajara kwa sababu kuna watu wanaingia grupu katikati wanauliza mko wapi, mwafanyaje, nianzie wapi, na mimi sitaki kurudia voisi noti ile ile kila saa. Mradi wenyewe ni huu: Matendo ya Mitume, milango 28, mlango mmoja kwa wiki, tukijaaliwa Julai tuwe tumemaliza. Watu tuko Likoni, Mikindani, Bamburi, Magongo, Mtwapa huko, na dada mmoja yuko Qatar kikazi lakini kwao ni Changamwe kwa hivyo ni wetu.

Mbona simu na si nyumba kwa nyumba kama zamani? Wewe hebu fikiria mtu wa Likoni amekuja kwa mkutano Bamburi, mnamaliza saa tatu usiku, apande matatu mpaka mjini, ashuke, asubiri feri, afike kwake saa tano na kesho ana shifti ya asubuhi bandarini. Atakuja mara moja, ya pili atasema mtoto anaumwa. Na sio kwamba anadanganya, mtoto kweli anaumwa, ila hata asingeumwa.

Tunafanya hivi. Jumatatu mtu mmoja anasoma mlango mzima kwa sauti anatuma kwa grupu, akianza anasema anasoma toleo gani maana wengi wana Union Version ile ya 1952 na wengine Habari Njema, mtu asije akadhani kitabu chake kimekosewa. Jumanne na Jumatano ni maswali tu, narudia, MASWALI, jibu lako kaa nalo. Alhamisi saa mbili na nusu usiku Zoom, kamera zimezimwa kuokoa bando. Sheria kubwa ni moja na najua itauma watu: hakuna kuhubiri. Mchungaji akiingia anaingia kama msomaji. Mimi nimekaa kwa makundi ya hii mitandao ya kutosha, na yale yote niliyoona yakifa yaliuliwa na mahubiri, mtu anaulizwa swali la mstari mmoja anajibu kwa dakika ishirini na mistari ya kutoka Zaburi, Danieli na Ufunuo, akimaliza hakuna anayekumbuka tulikuwa tunaongea nini, wote wanaandika "Amina mtumishi" na kwenda kulala.

Mlango wa 2 ulitupa raha. Pale watu kutoka kila taifa wanashangaa kila mmoja anasikia kwa lugha yake, Waparthi, Wamedi, watu wa Misri na Libya na Arabia, kuna kijana akasema si nasi tusome huo mstari wa nane kila mtu kwa lugha ya kwao. Weee. Siku hiyo grupu ililia ding ding mpaka usiku: Kigiriama, Kitaita, Kikamba, Kijaluo, Kipokomo, mama mmoja Mduruma akasoma akaishia kucheka mwenyewe. Watu ambao hawajawahi kufungua mdomo kwa grupu, siku hiyo walifungua. Niliweka hilo akilini, kwamba mtu ukimuuliza kitu ambacho yeye ndiye anakijua atasema, si ukimuuliza "mnajifunza nini hapa" ndio asema, hapo hata mimi ningenyamaza.

Februari

Mlango wa 5, Anania na Safira, nilijua utachoma na ukachoma. Nusu ya watu walikuja na hasira tayari, kwamba huu mlango unatumiwa kutisha watu watoe sadaka, mwengine akasema kwake aliambiwa ukificha fungu la kumi utakufa kama Anania. Tukarudi kwa maandishi taratibu. Mstari wa 4 Petro mwenyewe anamwambia lile shamba lilikuwa lako kabla hujauza, na ulipouza pesa zilikuwa chini ya mamlaka yako. Yaani hakuna aliyemlazimisha. Kosa ni uongo, alileta sehemu akasema ndio yote. Basi, tukaachia hapo, na kuna watu walipumua siku hiyo ningetamani mngewasikia.

Sasa mlango wa 6. Hii wiki sikupanga, imejipanga yenyewe. Tuna mchango mdogo wa bando kwa wale ambao hawana, tunatuma kwa M-Pesa kila Jumatano. Wiki hiyo hiyo kina mama wa ng'ambo ya Likoni wakalalamika wazi kwa grupu, kwamba bando zinafikia vijana wa Bamburi wanaojuana na wanaogawa, wao huku wanaingia Alhamisi wanasikia kidogo wanakatika. Vijana wakajibu kwa ukali, mtu akaandika "tusilete siasa kwa neno la Mungu", mwengine akatoka grupu, akarudishwa, akatoka tena.

Na msomaji wa Jumatatu alikuwa ashasoma tayari: wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, wakanung'unika juu ya Waebrania, wale Wayahudi wa lugha ya kwao. Alhamisi hakuna aliyeuliza swali, tulikuwa kimya tu na stima imepotea upande wa Mikindani. Alafu yule dada wa Qatar akasema hebu angalieni majina ya wale saba waliochaguliwa kusimamia huo mgao. Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani. Kumaanisha walalamikaji ndio walipewa kazi yenyewe, au tuseme watu wa upande wao. Mitume hawakuwaambia muwe na subira, hawakuwaambia hilo ni pepo la mgawanyiko.

Kabla Zoom haijakata tukawa tushakubaliana, mchango wa bando unakaa kwa kina mama wawili wa Likoni na wao ndio wanagawa. Malalamiko yameisha. Sio yote, kuna mmoja bado analalamika lakini huyo hata tukimpa minara yote ya simu atalalamika.

Mlango wa 8 nautaja kwa kitu kimoja tu. Yule mtu wa Kushi, mkuu wa hazina ya malkia Kandake, yuko garini anasoma Isaya, na Filipo akikimbia kando anamsikia. Anamsikia. Alikuwa anasoma kwa sauti, hivyo ndivyo watu wengi wa zamani walivyosoma hata wakiwa peke yao. Tangu hapo wale waliokuwa wanasema voisi noti ya Jumatatu ni kupoteza bando, eti kila mtu ana Biblia yake, wamenyamaza. Mmoja kaniambia anaiskiza akipika, mara ya tatu ndio alisikia kitu ambacho kwa macho alikuwa anakiruka miaka yote.

Machi, Ramadhani

Imeangukia vizuri mno hii. Mlango wa 10, Petro na Kornelio, yule akida wa Kirumi asiye Myahudi, na nje adhana ya magharibi inalia na mtaa mzima wanukia viazi karai.

Maswali ya Jumanne yalianza kawaida, ile shuka yenye wanyama, ndoto ama maono, nini nini. Alafu mama mmoja wa Majengo akatuma voisi noti. Anasema jirani yake Muislamu kila mwaka mwezi huu anamletea sahani, kaimati, mbaazi za nazi, mahamri, na yeye anakula na watoto wanagombania. "Lakini mimi nimemwita lini kwangu akala? Hata chai. Na sio kwamba ananichukia. Hajui sufuria yangu imepikiwa nini, na mimi sijawahi kufanya awe na amani nayo."

Watu walijibu nyingi. Kuna aliyesema Petro aliambiwa ale kila kitu kwa hivyo shida ni ya jirani, huyo akaambiwa soma tena, mtu anayekaribishwa kwenye huo mlango ni nani na anayeogopa kuingia ni nani. Petro ndiye mwenye masharti ya chakula, Kornelio ndiye mwenye nyumba. Na mlango wa 11 wenzake wakimshika hawamuulizi kwa nini umebatiza, wanamwambia uliingia kwa watu wasiotahiriwa ukala nao. Kumbe sahani ndio ilikuwa kesi! Mwengine akaongezea kitu nilikuwa sijakipa uzito: Petro wakati huo amelala kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kule Yafa, nyumba iko pwani. Kazi ya ngozi ni kushika mizoga, Myahudi mwenye kushika sheria sana hangependa kulala hapo. Kwa hivyo Mungu alikuwa ashaanza kumlainisha kabla hata ya ile shuka kushuka.

Yule mama wa Majengo alinunua sufuria mpya na sahani mpya, akamwambia jirani hizi ni zako wewe ukija, njoo uone mwenyewe nyama nimenunua bucha gani. Akaja. Walifuturu pamoja kwake. Hakutuma picha na sikumuomba.

Na nikaongezea hapo Alhamisi, kwa sababu watu wa Mombasa tunasahau vyetu: huku kusoma Biblia kwa Kiswahili kulianzia hapa mjini na hakukuanza na Wakristo pekee yao. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mke wake Rosina na mtoto wao mchanga wakafa mwaka huo huo wakazikwa huko upande wa Nyali, na katikati ya yote hayo alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa hapa. Kadhi! Rabai yenyewe, ile misheni yake na mwenzake Rebmann, ilikuja baadaye, 1846. Kuna mzee kwa grupu alikuwa hajui hilo, akasema basi hata mimi nitamuuliza jirani yangu maana ya maneno fulani, yeye Kiswahili chake ni cha ndani kuliko changu. Sawa mzee, muulize.

Aprili na Mei

Hii miezi napita haraka. Milango ya 11 mpaka 14 tulisoma bila kelele. Pasaka ilituvuruga ratiba, wengi walienda bara, mitandao huko milimani ni ya kubahatisha. Mlango wa 15 ule mkutano wa Yerusalemu watu walitaka kuufanya mjadala wa madhehebu, nikaukata, nitakubali lawama. Wa 16 uliamsha watu, Lidia mwuza nguo za zambarau, kina mama wa biashara walimpenda sana huyo, mmoja mwenye kibanda Kongowea akauliza "huyo hakuwa na mume? mbona nyumba ni yake na anakaribisha wageni kwa uamuzi wake?" Hakuna mwanaume aliyejibu, nilifurahi.

Mlango wa 19 pale Efeso umati unapiga kelele "Artemi wa Waefeso ni mkuu", mungu wao wa kike huyo, kwa muda kama wa saa mbili, na mstari wa 32 unasema wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekusanyika. Tulicheka mpaka Zoom ikakata. Mtu akasema huo mstari ungebandikwa kila mahali wakati wa kampeni.

Alafu wa 20. Troa, Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, Eutiko amekaa dirishani, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Wiki hiyo kulikuwa na pendekezo kwamba tulipie Zoom tuwe na muda mrefu, maana ile ya bure inakata dakika 40. Baada ya kusoma Eutiko pendekezo lilikufa lenyewe. Na mimi naunga mkono, zile dakika 40 ni baraka, mtu anajua akianza salamu za "Bwana asifiwe, na tena asifiwe" anakula muda wa wenzake. Kuna ndugu mmoja ambaye ndiye aliyetaka muda uongezwe, siku hiyo hiyo tukamsikia anakoroma na maiki iko wazi. Hatutamtaja.

Juni

Paulo ni mahabusu sasa, mlango baada ya mlango ni kesi. Watu walidhani itachosha, haikuchosha, kwa sababu gani? Kwa sababu kila mtu kwa hili grupu ana ndugu, ama jirani, ama yeye mwenyewe, ambaye kesi yake imekaa. Mlango wa 24 mstari wa 26, liwali Feliki anamwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye, na sababu imeandikwa wazi, alitumaini atapewa fedha. Miaka miwili anamzungusha! Anaondoka kazini na bado anamwacha kifungoni ili awapendeze watu. Hapa sikuhitaji kuuliza swali lolote. Watu walisimulia visa vyao na nikaomba wasitaje ofisi wala jina la mtu, wakakubali.

Ule wa 23 nao, wanaume zaidi ya 40 wamekula kiapo hawali hawanywi mpaka wamuue Paulo, na Paulo akasafirishwa usiku na askari 200, wapanda farasi 70, wenye mikuki 200. Swali la Jumanne lililopendwa kuliko yote tangu tuanze: wale 40 walikula lini? Hatujapata jibu.

Julai, mlango wa 27

Hii ndio nilikuwa naisubiri, Paulo mahabusu anapelekwa Roma kwa merikebu na bahari inachafuka, na sikujua nitampata nani wa kutueleza.

Kuna mzee mmoja wa Mtongwe kwa grupu. Yuko tangu Januari, anaskiza, hasemi, mara moja moja anaweka alama ya mikono imeshikana. Kijana wake ndiye aliyeniambia faraghani, baba amefanya kazi ya majahazi tangu ujana wake, Lamu, Unguja, amefika mpaka Uarabuni. Nikamuomba yeye ndiye asome Jumatatu. Akasoma. Alisoma pole pole, na akifika kwa vitu vya chombo unasikia sauti inabadilika, inakuwa ya mtu anayejua.

Alhamisi maswali yote yalienda kwake. "Mzee, hebu tueleze, hapo mwanzo waliambiwa wasiende, kwa nini wakaenda?" Akasema wanangu, someni mstari wa 13, upepo wa kusini ulivuma kidogo, wakadhani wamepata. Sisi hapa kusi ndio ya kuogopa, saa hii ni Julai tokeni nje muone, mashua ndogo zimefungwa. Kaskazi ndio huwa mpole kwetu. Kule kwao imepinduka: kusi iliwabembeleza, alafu ikashuka tufani ya kaskazini mashariki kutoka kisiwani Krete ikawabeba. "Bahari haifanani, nahodha wa hapa hawezi kujitia ujuzi wa kule. Lakini kosa ni lile lile, mtu anaona hali shwari ya asubuhi moja anaifanya ni msimu."

Akaeleza kila kitu kwa mpangilio. Ile mashua ya nyuma walipata taabu kuipandisha, huenda ilishajaa maji. Kamba walizopitisha chini ya chombo ni kuzuia mbao zisiachane. Walianza kutosa shehena, siku ya tatu wakatosa na vyombo vya merikebu kwa mikono yao, hapo mzee akanyamaza kidogo akasema "ukiona baharia anatupa vifaa vyake, ashakata tamaa, hivyo ni kama mikono yake". Siku nyingi bila jua wala nyota, na nyota ndizo njia.

Alafu usiku wa kumi na nne wakatupa bildi, ile kamba ya kupimia kina, pima 20, mbele kidogo pima 15. Kijana mmoja akapiga hesabu kwa simu, kama mita 36 kwenda mita 27, akasema si bado ni kina kirefu? Mzee akacheka. "Kina si shida mwanangu, shida ni kinapungua upesi na ni usiku na huoni mbele."

Na nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo. Mimi hilo nimelisoma tangu Sunday school sijawahi kujiuliza. Kawaida chombo hutia nanga omo, yaani mbele, kikigeuka na upepo haidhuru. Hawa wakatia nyuma. Kwa nini? Akasema wangetia omo upepo ungekizungusha chombo, asubuhi kinaelekeza mgongo nchi kavu. Wakitia tezi, omo inabaki inatazama ufukweni, kukipambazuka wanakata nanga, wanalegeza kamba za usukani, wanapandisha tanga dogo la mbele, wanaelekea mchangani moja kwa moja. "Na ndivyo walivyofanya, someni 40." Tukasoma 40. Ndivyo.

Kuna mchungaji alikuwa ndani siku hiyo, miaka mingi kwa mimbari, akasema mzee naomba nikija kuhubiri huu mlango nije kwako kwanza. Mzee akamjibu "karibu mchungaji, lakini ukija njoo na swali."

Watu 276 chomboni, hakupotea hata mmoja, wenye kujua kuogelea wakatangulia, wengine juu ya mbao. Zoom ilikata hapo hapo. Tukaendelea kwa voisi noti mpaka saa sita usiku, sheria nilizivunja zote na sijuti.

Julai, wa 28 na kinachofuata

Tumemaliza Matendo. Watu wamekasirika. Paulo yuko Roma, nyumba ya kupanga, miaka miwili anapokea wageni, basi, kitabu kimeisha. Kaisari aliamua nini? Alisikizwa kesi? Luka hasemi. Kijana wa Magongo kaandika "nimesoma milango 28 nisiambiwe hukumu???" na alama za hasira. Nimewaacha na hasira zao, sikuleta mtu wa kuwatuliza.

Kura ya kitabu kinachofuata: wanaume wengi walitaka Ufunuo, nilijua, vijana wakataka Mithali kwa sababu ni fupi fupi. Lakini kuna mama wa Kisauni, mababu zake ni wale waliowekwa Frere Town, ile misheni ya 1875 ya watumwa walioachwa huru, yeye amezaliwa hapo karibu na kengele. Akaomba Filemoni. Akasema ameenda kanisani maisha yake yote na ile barua ya Paulo kuhusu mtumwa Onesimo hajaskia ikisomwa yote kwa mara moja, na ana maswali nayo, na mengine si ya upole.

Filemoni imeshinda, Ufunuo ungoje. Ni mlango mmoja tu, mistari 25, lakini tutaipa wiki tatu. Jumatatu anasoma yeye mwenyewe mama wa Kisauni. Maswali ya wiki ya kwanza yanaanza na yake, wengine wote mkae nayo mpaka Jumatano. Bando bado ziko kwa kina mama wa Likoni, ukikosa ongea nao moja kwa moja, usiniletee mimi.